Ukimya wa kompyuta na maana zake: kusakinisha Debian bila kuona skrini

Mtu asiyeona anaweza kusakinisha mfumo wa kompyuta yake peke yake, tangu kuandaa flashi hadi kuingiza nywila ya kwanza, bila jirani wa kumsomea skrini. Mfumo tunaouzungumzia ni Debian, mmoja wa mifumo huria ya Linux. Wengi wanaoshindwa hawashindwi na Linux. Wanashindwa na zile dakika chache za mwanzo: kitufe kimebonyezwa, feni inazunguka, na hakuna anayesema neno. Mwenye macho anaona nembo ikipita. Asiyeona hajui kama mashine inaendelea, imekwama, au inamsubiri yeye. Lakini akishajua nani anapaswa kusema katika kila hatua, na nani hana sauti kabisa, ukimya ule nao unampa taarifa.

Wanaopokezana kijiti ni wanne. Wa kwanza ni BIOS, au UEFI kwenye mashine za karibuni, programu iliyokaa kwenye bodi ya kompyuta. Huyu ni bubu. Hakuna kisoma skrini kinachoweza kumsoma, kwa sababu kisoma skrini ni programu inayohitaji mfumo uliokwisha kuwaka, na hapo mfumo bado haujawaka. Wa pili ni menyu ya kuwashia iliyo kwenye flashi, inayojua kutoa mlio tu. Wa tatu ni Speakup, kisoma skrini kilichojengwa ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux yenyewe. Husoma maandishi ya konsoli, ile skrini ya maandishi matupu isiyo na madirisha, na kuyapeleka kwa eSpeak NG, ambayo ndiyo mdomo. Speakup ilikaa miaka mingi kwenye sehemu ya majaribio ya keneli, na ilipewa makao ya kudumu mwaka 2020, toleo la 5.9. Wa nne ni Orca, anayesoma madirisha, vitufe na kurasa za intaneti mfumo ukishakamilika.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Tabora hazifiki hapo. Ni mashine nzima, yenye RAM ya GB 4, kibodi nzuri na diski inayofanya kazi, ila kwa Windows safari yake imeishia njiani. Kwa Debian bado ina miaka mbele yake. Tuseme na hili waziwazi: kama una Windows inayopata masasisho na umeizoea NVDA, kisoma skrini cha Windows ambacho nacho ni programu huria isiyouzwa, huna haja ya kuhama kwa sababu tu mtu amekusifia Linux.

Mifumo inayowajali wasioona ni kadhaa. Slint, inayotokana na Slackware, ina kisakinishi kinachozungumza. Accessible-Coconut imejengwa juu ya Ubuntu MATE. Knoppix ina ADRIANE, menyu ya sauti. Hapa tunaishika Debian kwa sababu sauti yake iko ndani ya kisakinishi rasmi, faili lilelile wanalopakua watu wote. Usaidizi wake hautegemei mtu mmoja anayeweza kuchoka. Toleo la sasa ni la 13, lililotoka Agosti 2025. Linataka prosesa ya biti 64, kwa hiyo zile mashine za zamani sana za biti 32 hazimo tena kwenye hesabu.

Tuanze na bando, maana ndilo gharama ya kweli. Debian ina faili dogo la netinst, chini kidogo ya GB 1, lakini hilo huvuta karibu kila kitu kutoka mtandaoni wakati wa kusakinisha. Faili la DVD-1 ni karibu GB 4, na limebeba sehemu kubwa ya vinavyohitajika. Anayetegemea bando la simu apakue DVD-1 mara moja, usiku kama mtandao wake una bei ya usiku, kisha faili hilohilo liwahudumie watu kumi. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokipenda, kwa sababu itafutwa yote.

Faili likishashuka, lihakiki. Upakuaji uliokatikakatika hutoa faili linaloonekana zima lakini limeoza katikati, na kosa lake hutokea baadaye, kisakinishi kikiwa asilimia 60. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Debian huchapisha mfuatano sahihi kwenye faili la SHA256SUMS lililo karibu na ISO, yaani lile faili ulilopakua. Kwa kukagua kama upakuaji umeharibika, kulinganisha alama nane za mwanzo na nane za mwisho kunatosha. Hakuna haja ya kuisikiliza NVDA ikitaja zote 64.

Sasa kuiweka kwenye flashi. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kunakili faili la ISO kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Flashi ya namna hiyo haiwaki. ISO inapaswa kuandikwa, yaani kumwagwa juu ya flashi nzima pamoja na sehemu yake ya kuwashia. Kwenye Windows, Rufus hufanya kazi hiyo na NVDA huisoma. Chagua flashi, chagua ISO, bonyeza kitufe cha kuanza. Rufus ikikuuliza uandike kwa namna ya ISO au ya DD, chagua DD. Ikimaliza, Windows inaweza kudai kwamba diski inahitaji kufomatiwa. Ikatae. Windows haiuelewi mpangilio ule, na ukiikubali umeifuta kazi yote.

Kabla ya kuwasha, chomeka chaja, kwa sababu betri za mtumba nyingi hazifiki nusu saa. Angalia na uniti za LUKU. Chomoa waya wa HDMI na vifaa vingine vya USB, acha flashi peke yake, na chomoa hedifoni kwanza ili sauti isikose njia. Umeme ukikatika katikati, mashine haiharibiki. Utaanza upya tu.

Kinachofuata ndicho kizingiti cha bubu wetu wa kwanza. Inabidi umwambie BIOS awashe kutoka kwenye flashi, na yeye hasemi. Njia ni kukariri vitufe. Kwenye HP, bonyeza Esc mfululizo mara tu baada ya kuwasha, kisha F9. Dell ni F12. Lenovo nyingi ni F12, na baadhi zina kitundu pembeni chenye kitufe kidogo cha kubonyeza kwa sindano. Acer ni F12, ila mara nyingi imezimwa mpaka mtu aiwashe ndani ya mipangilio ya BIOS. Laptopu za Asus ni Esc. Gonga kitufe mara mbili kwa sekunde, usikishikilie, maana ukikishikilia baadhi ya mashine huchukulia kwamba kibodi ina hitilafu.

Kuipata F9 kwa vidole, anza kona ya juu kushoto kwenye Esc na uihesabu kuwa ya kwanza. F9 ni ya kumi. Laptopu nyingi haziachi nafasi kati ya F4 na F5 kama kibodi za mezani, hivyo kidole hupotea kirahisi. Tone dogo la gundi lililokaukia juu ya kitufe hicho humaliza tatizo, kama vile vinundu vilivyo kwenye F na J. Kwenye laptopu ambazo safu ya juu imepewa kwanza kazi ya sauti na mwanga, F9 haitasikika mpaka ushike Fn.

Menyu ikishafunguka utakuwa mbele ya orodha usiyoisikia. Hapa simu yenye TalkBack, kisoma skrini cha Android, inasaidia sana. Programu ya Lookout, au Be My Eyes, husoma picha ya skrini na kukuambia mstari wa USB ni wa ngapi. Andika namba hiyo mahali, kwa sababu kwenye mashine ileile, flashi ikiwa tundu lilelile, haibadilikibadiliki ovyo. Mara ya pili utashuka kwa mshale hadi namba hiyo na kubonyeza Enter bila kumwuliza mtu. Kama mashine inatoka Windows, tumia kuwasha upya badala ya kuzima. Windows ya siku hizi ikizimwa hulala nusu, na baadhi ya mashine hurukia huko moja kwa moja bila kujali kitufe ulichogonga.

Sasa tega sikio. Menyu ya Debian ikifunguka hulia: mlio mmoja kwenye mashine za BIOS, milio miwili kwenye UEFI. Bonyeza s, kisha Enter. Basi. Herufi hiyo moja ndiyo inayoita kisakinishi chenye sauti. Kwenye mashine za BIOS, usipogusa kitufe chochote, baada ya sekunde 30 sauti huanza yenyewe. Mwenye kifaa cha Braille cha USB kwa kawaida hahitaji hata hilo, kwani BRLTTY, programu ya kuendesha vifaa vya Braille, hukitambua na kuanza kazi. Mwenye uoni hafifu, na ndugu zetu wengi wenye ualbino wamo humo, abonyeze d badala ya s apate rangi zenye utofauti mkali, na Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha akuze maandishi.

Usiposikia mlio, usikate tamaa, maana laptopu nyingi hazina kile kispika cha kutoa mlio. Subiri dakika nzima, bonyeza s na Enter, subiri dakika nyingine. Sauti ikija, mambo yamenyooka. Isipokuja, sababu zinazowezekana ni chache. Pengine hukufika kwenye flashi kabisa. Dalili yake ni kuwa baada ya muda unasikia Windows ikijitambulisha, au NVDA inakusalimu. Pengine kuna kadi za sauti mbili, ya HDMI na ya spika, na kisakinishi kinaongea na moja baada ya nyingine. Debian hufanya hivyo makusudi, na hukutaka ubonyeze Enter unaposikia sauti kwenye kadi unayoitaka, kwa hiyo subiri zamu yako. Au mashine ni mpya kiasi, sauti yake inahitaji faili la ziada la mtengenezaji. Kabla ya Debian 12 ya mwaka 2023 mafaili hayo hayakuwemo kwenye ISO rasmi. Mtu akikupa flashi ya Debian 11 na laptopu ya Intel ya karibuni ikakaa kimya, tatizo huenda ni hilo, na dawa ni ISO mpya.

Swali la kwanza husomwa kwa Kiingereza, polepole mno. CapsLock na 6 huongeza kasi, CapsLock na 5 hupunguza. CapsLock na 2 huongeza sauti, CapsLock na 1 hupunguza. CapsLock na i husoma tena mstari uliopo, u husoma uliotangulia, o unaofuata. Kila swali huja na majibu yenye namba. Unaandika namba, kisha Enter. Enter peke yake ni kukubali jibu lililopendekezwa, na alama ya < hukurudisha swali la nyuma. Jambo la kumtuliza anayeogopa: mpaka ufike kwenye kugawa diski na kuthibitisha, hakuna kilichoandikwa. Unaweza kuzima mashine hata mara tano ukijifunza, na Windows yako itakuwa palepale.

Kwenye nchi, Tanzania haimo kwenye orodha fupi ya kwanza ukichagua Kiingereza. Chagua jibu la nyingine, kisha Afrika, kisha Tanzania. Kibodi ya Marekani inafaa kwa laptopu nyingi zinazouzwa kwetu. Mtandao uje kwa waya wa USB kutoka simu ya Android, kipengele cha kushirikisha intaneti kwa USB kikiwa kimewashwa, kwani Debian huiona simu kama waya wa kawaida na unakwepa usumbufu wa kuandika nywila ya Wi-Fi bila kuiona. Hata kwa DVD-1, simu iwe karibu kwa ajili ya vichache visivyomo na masasisho ya usalama.

Nywila ya msimamizi iandike taratibu na uikumbuke. Jina la mtumiaji liwe fupi, herufi ndogo, bila nafasi. Sababu itaonekana chini.

Kwenye diski, chaguo la kuongozwa na kutumia diski nzima ndilo rahisi, na ndilo linalofuta kila kitu kilichopo, Windows, picha na kazi za shule. Kwa mara ya kwanza tunapendekeza mashine ambayo yaliyomo yameshahamishiwa kwingine. Sikiliza ukubwa wa diski inapotajwa: ile ya GB 8 au 16 ni flashi yako, ya GB 250 au 500 ndiyo ya laptopu. Majina hayaaminiki, kwani flashi inaweza kuitwa sda na diski ya ndani sdb. Kama diski ya ndani haitajwi kabisa, mara nyingi BIOS imeiweka kwenye hali ya RAID ya Intel, nayo inatakiwa kuwa AHCI. Hapo ndipo simu au jirani anaitwa tena.

Kisha linakuja swali linalowazungusha watu. Kisakinishi kinauliza kama kiandike mabadiliko kwenye diski, na jibu kilichopendekeza ni hapana. Aliyezoea kubonyeza Enter kila mahali hurudishwa nyuma, anaenda mbele, anarudishwa tena, akadhani mashine imeharibika. Sikiliza namba ya ndiyo, iandike, kisha Enter.

Baada ya hapo utasikia asilimia zikipanda. Ni zaidi ya nusu saa kwenye diski ya zamani, na kama inapakua kutoka mtandaoni, bando ndilo linaamua. Kwenye orodha ya programu unaruhusiwa kuandika namba kadhaa zilizotenganishwa kwa nafasi. Chagua MATE, mazingira ya madirisha na menyu. Ni nyepesi, menyu zake zimepangwa kwa namna ya zamani inayoeleweka kwa kibodi, na Orca hufanya kazi nayo vizuri. Kwenye mashine za BIOS kuna swali la mwisho la mahali pa kuweka GRUB, programu inayowasha mfumo kutoka kwenye diski. Hapo pia sikiliza ukubwa wa diski, usiiweke kwenye flashi, la sivyo laptopu itawaka tu flashi ikiwa imechomekwa.

Ikisema imekamilika, chomoa flashi, bonyeza Enter. Ukimya unarudi kidogo, kwa sababu GRUB iliyowekwa kwenye diski haina mlio. Vumilia dakika moja au mbili. Aliyesakinisha kwa sauti, sauti hiyo husakinishwa pia kwenye mfumo wenyewe. Kwenye kuingia, Debian haikutajii majina ya watumiaji. Andika jina lako la mtumiaji, Enter, nywila, Enter. Ndiyo maana ya kulifanya fupi. Ukiwa ndani na Orca hasemi, bonyeza Alt na F2, andika orca, kisha Enter. Akigoma bado, nenda konsoli kwa Ctrl, Alt na F3. Speakup akisikika huko ilhali Orca ni kimya kwenye madirisha, kadi ya sauti ni nzima na kilichopo huenda ni kugombania njia: espeakup, anayeunganisha Speakup na eSpeak NG, ameishika kadi, na mfumo wa sauti wa madirisha umeachwa mlangoni.

Insert na H humfanya Orca akutajie kazi ya kila kitufe unachobonyeza, mpaka ubonyeze Esc. Tumia saa nzima hapo, haipotei. Insert na nafasi hufungua mipangilio, na kwenye ukurasa wa sauti utakuta Kiswahili cha eSpeak NG. Kwenye terminali, yaani dirisha la amri, kijaribu hivi kama amri ya espeak-ng imo kwenye mfumo:

espeak-ng -v sw "Karibu Tabora, mji wa maembe"

Sauti yake ni ya chuma, lakini matamshi yanaeleweka, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kazi nyepesi kwa programu inayosoma kwa kanuni. Tatizo ni menyu za Kiingereza kusomwa kwa matamshi ya Kiswahili. Tengeneza wasifu mbili ndani ya Orca, moja ya Kiingereza kwa kuendesha mashine, moja ya Kiswahili kwa kusoma habari na barua, na kwenye ukurasa wa vitufe uchague kitufe cha kubadilisha kati yake.

Limebaki jambo moja la kuondoa ukimya. Kwenye terminali andika su - na nywila ya msimamizi, kisha:

nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_INIT_TUNE="480 440 1", ondoa alama ya reli (#) iliyo mwanzoni mwake, hifadhi kwa Ctrl na O, Enter, toka kwa Ctrl na X, kisha andika update-grub. Kama mashine ina kispika cha mlio, tangu hapo kila ikiwashwa italia ikifika GRUB. Ukiwasha siku moja usiusikie mlio huo, tatizo liko kabla ya GRUB: BIOS, diski au umeme. Ukiusikia na Orca asije, tatizo liko baada yake, na hapo flashi yako ya kusakinishia ina hali ya uokoaji inayoweza kuizungumzisha mashine tena. Ifunge uzi, uiweke mahali vidole vinapopajua.